Picha Zilizobaki Njombe

Nilipanda basi Njombe nikiwa na mizigo miwili. Mkubwa ulikuwa kiroba cha viazi mviringo cha shangazi yangu anayekaa Kimara. Huo utingo aliusukuma ndani ya buti, akanipa kipande cha karatasi chenye namba 17 na kuniambia nisikipoteze. Mdogo ulikuwa flashi, nimeifunga kwenye leso na kuitia mfuko wa ndani wa koti. Viazi sikuviwaza njia nzima. Flashi niliipapasa kila mara, kama mtu aliyebeba ada ya mtoto.

Ilikuwa Agosti 2022, na ndiyo mara yangu ya kwanza kwenda Dar es Salaam. Watu hawaamini nikiwaambia, maana nilikuwa nimeshafundisha miaka 11. Chuo nilisoma Iringa, kazi nikapata Njombe, na Dar nikabaki kuiona kwenye taarifa ya habari. Safari yenyewe ilitokana na kitabu. Shule yetu ilikuwa inatimiza miaka 50, kamati ya jubilei ikataka kitabu cha kumbukumbu cha kurasa 64, na kwa kuwa mimi ndiye mwalimu wa kompyuta, kazi ya kupanga kurasa ikaniangukia. Sikuwa nimewahi kupanga hata kipeperushi. InDesign, programu ya kupangia kurasa, nilijifunza usiku kwa kutazama video, nimejifunika blanketi, kwa sababu baridi ya Njombe mwezi wa saba haina mzaha.

Picha zilikuwa 118. Zilitoka kila mahali: kamera ya Nikon ya mwalimu wa michezo, Nikon nyingine ya mpiga picha wa mjini, simu za walimu, kundi la WhatsApp la waliosoma pale, na bahasha moja ya kaki iliyokaa kwenye kabati la mkuu wa shule tangu 1972. Niliziweka moja moja. Unachora fremu, unaitafuta picha ilipo, unaiingiza, inatokea. Nikiitazama kwenye skrini naona imo, naendelea na nyingine. Nilipomaliza nikalinakili faili kwenye flashi, nikaaga.

Hadi Iringa njia naijua. Makambako upepo, Mafinga misonobari, kisha Ipogolo pale chini ya mji. Baada ya Ipogolo nikawa mgeni. Ilula kina mama waliinua ndoo za nyanya na vitunguu hadi usawa wa dirisha, na jirani yangu akanunua ndoo nzima bila kushuka kitini. Mteremko wa Kitonga nilikuwa nimeusikia kwa madereva tu. Basi lilishuka kwa gia ndogo nyuma ya malori, kona baada ya kona, harufu ya breki ikaingia ndani, na watu waliokuwa wakipiga soga wakanyamaza wote. Chini likafunguka bonde la mibuyu, na joto likatupokea kama mlango wa tanuri. Nikavua koti. Flashi ikahamia mfuko wa shati.

Mikumi barabara inakatiza hifadhini kwa kama kilomita 50, na kuna bango lenye orodha ya faini kwa kila mnyama utakayemgonga. Abiria walikuwa wakilisoma kwa sauti na kulinganisha bei. Nilipiga picha ya twiga kwa simu. Akatoka mshazari, nusu yake pazia la basi. Morogoro tulichimba dawa, tukala chipsi kwa dakika 15, na kutoka Chalinze mimi nilikuwa nimelala.

Stendi ya Mbezi tulifika saa 2 usiku. Utingo alisimama mbele ya buti akidai vipande: bila kipande hupati mzigo. Nilitoa namba 17, nikapewa viazi. Jamaa aliyekuwa mbele yangu naye alikuwa na kipande, lakini begi lake lilikuwa limeshushwa Morogoro kimakosa. Alikuwa anakigeuza kile kikaratasi mbele na nyuma, anamwonyesha utingo, kana kwamba begi lingetokea humo. Nilimwonea huruma, nikaenda zangu.

Shangazi alinipokea kwa "kamwene" ya nyumbani, akavipokea viazi kwa furaha kuliko alivyonipokea mimi, na asubuhi akanipeleka hadi kituo cha mwendokasi. Nilibanwa kutoka Kimara mpaka Kariakoo, mkono mmoja kwenye bomba, mwingine kwenye mfuko wa shati.

Kiwanda cha uchapaji kilikuwa kwenye uchochoro, mlango mwembamba usiolingana na sauti iliyotoka ndani. Mashine ilikuwa inavuta karatasi kwa mapigo yasiyobadilika, sakafu imejaa vipande vilivyokatwa, na hewa yote ni wino na mafuta ya taa. Chumba cha kompyuta kilikuwa nyuma ya kioo. Fundi wake alikuwa dada wa makamo, miwani ameipandisha kichwani, kikombe cha chai ya tangawizi kando ya kipanya.

"Karibu mwalimu. Tuone."

Alichomeka flashi, akafungua faili. Kabla ukurasa wa kwanza haujatokea, likatokea tangazo la onyo. Alilisoma, akashusha miwani, akalisoma tena.

"Picha ziko wapi, mwalimu?"

"Si hizo hapo, dada."

Hakubishana. Alikwenda ukurasa wa 3, kwenye picha ya mkuu wa shule wa kwanza, akaikuza. Kwa asilimia 100 alikuwa mzee mwenye tai. Kwa asilimia 400 uso ulikuwa vigae vya kijivu, na jicho moja lilikuwa miraba minne. Kisha akafungua folda ya flashi na kunionyesha ukubwa wa faili langu: MB 23.

"Hizi za Nikon, picha moja tu ina MB 8 au 9. Hebu niambie, 118 zimeingiaje kwenye MB 23?"

Hesabu nafundisha kidogo. Nikakaa kimya.

Alinifungulia jedwali la linki pembeni ya ukurasa. Nililiona mara nyingi usiku kule Njombe, nikadhani ni orodha tu ya majina. Sasa karibu kila jina lilikuwa na duara jekundu lenye alama ya kuuliza. Akanieleza taratibu, bila dharau. Ukiingiza picha kwenye ukurasa, programu haiimezi. Inachukua kivuli chake, picha hafifu ya kukusaidia kupanga, na inaandika anwani: kompyuta hii, folda ile, jina fulani. Picha yenyewe inabaki ilipokuwa. Siku ya kuchapa, programu inakwenda kwenye anwani kuichukua. Ikiikosa, inachapa kivuli. Duara jekundu maana yake nimekwenda kwenye anwani, hakuna mtu. Kulikuwa pia na pembetatu mbili za njano zenye alama ya mshangao: picha ipo, ila mtu kaigusa baada ya mimi kuiona mara ya mwisho. Hizo nilikuwa nimezipunguza kivuli cha kofia kwenye programu nyingine, nikasahau kuujulisha ukurasa.

Tulihesabu. Linki 104. Zilizopatikana 9, kwa bahati tu, kwa sababu siku ya mwisho nilizihifadhi kwenye flashi kando ya faili lenyewe, na programu ikikosa kitu kwenye anwani huwa inachungulia hapo. Zilizobaki 95 zilikuwa Njombe, kwenye kompyuta ya ofisi ya taaluma, zimetawanyika kwenye folda tano. Na zile 14 zisizoonekana kabisa kwenye orodha? Hizo nilizinakili kutoka Word na kuzibandika, kwa hiyo hazina anwani yoyote. "Hizo ni yatima," alisema. "Zitafutie asili yake, hapa sina la kufanya."

Nikamkumbuka jamaa wa Mbezi. Nilikuwa nimesafiri kutwa nzima nikipapasa kipande cha mzigo.

Nakiri nilichukia. Word inaimeza picha nzima, mbona hii haiwezi? Yule dada akaniuliza kama ningependa kila asubuhi kufungua faili la karibu GB 1 kwenye kompyuta ya shule. Sikupenda.

Mezani karibu na dirisha alikuwepo mzee mmoja akikagua pleti ya kuchapia kwa kioo cha kukuzia. Nilimpa shikamoo, akaitikia, akaingia kwenye mazungumzo bila kuinua kichwa. Alianza kazi enzi za mkasi na gundi. Programu ya PageMaker ilitoka Marekani mwaka 1985, InDesign ikaja 1999, na katikati hapo, alisema, yeye alikuwa bado anakata safu za maandishi kwa wembe. "Ukurasa uliobandikwa ulikuwa na kisanduku cheusi tu mahali pa picha, umeandikwa A. Picha iko kwenye bahasha, nyuma yake penseli: A, ukurasa wa 5, asilimia 70. Bahasha ikipotea, umebaki na kisanduku." Akageuza pleti. "Wao wamekiwekea kisanduku kivuli kizuri, ndiyo maana mnadanganyika."

Nikampigia simu mwenzangu, mwalimu wa historia, mtu makini ambaye InDesign hajawahi kuifungua. Nikamwomba akusanye picha zote kutoka folda zile tano aziweke kwenye folda moja. Zilifika MB 640. Alijaribu kuzipandisha kwenye intaneti kwa bando la simu yake. Saa mbili baadaye zilikuwa asilimia 12, kisha umeme ukakatika. Tukafanya wanavyofanya watu wote wa mikoani: akanunua flashi, akaitia kwenye bahasha, akaandika jina na namba yangu, akaipeleka ofisi ya basi. Kesho yake picha zikasafiri njia ile ile niliyopita mimi.

Siku hiyo ya kusubiri sikuipoteza. Dada alinipa kiti kando yake, na kila alipomaliza kazi ya mteja alinionyesha kosa langu moja. Nilidhani yatakuwa machache.

Mshale mweusi unashika fremu, mweupe unashika picha iliyo ndani ya fremu. Mimi nilitumia mweusi kwa kila kitu, nikibinya na kuvuta mpaka nafasi ijae. Alifungua vipimo vya yule mkuu wa kwanza: upana asilimia 118, urefu asilimia 83. Mzee ambaye mkoa mzima walimjua kwa wembamba wake, nilikuwa nimemnenepesha. Akaandika 100 kwenye visanduku vyote viwili, na mzee akakonda papo hapo. Akasema picha ya mtu ndiyo ya kwanza kuangalia, kwa sababu jengo likinenepa hakuna atakayelalamika.

Jambo lililonichukua muda mrefu zaidi kulielewa ni pikseli. Kwenye jedwali la linki, ukiibofya picha, zinatokea namba mbili. Ya kwanza ni pikseli kwa inchi ilizozaliwa nazo. Ya pili ni zilizobaki baada ya wewe kuikuza au kuipunguza, na hiyo ndiyo mchapaji anaiangalia. Picha ya kundi la kwanza la 1972, yenye urefu wa sentimita 9, niliiskeni kwa 300, nikaona namba nzuri, nikaikuza mara tatu ijaze ukurasa. Namba ya pili ilikuwa 100. Kuikuza hakuzai pikseli mpya, kunazitawanya zilezile. Kama ningeiskeni kwa 1200, ningeweza kuikuza mara nne na bado nikawa na 300. Nilipiga simu kuomba picha yenyewe nayo itumwe kwa basi, tuiskeni upya hapa. Mkuu wa shule akakataa; ile picha haitoki kabatini. Simlaumu, mabasi nayajua.

Jalada ndilo lililoniuma. Nilikuwa nimeweka picha ya mgeni rasmi wa mahafali, imesimama vizuri, ukurasa mzima. Ilikuja kwa WhatsApp. Dada aliibofya: pikseli 1200 kwa 1600. Ukurasa wa A4 una urefu wa milimita 297, ukiongeza milimita 3 juu na 3 chini za kukatwa na kisu unapata 303, karibu inchi 12. Gawanya 1600 kwa hizo inchi, unapata 134. "Kwa karatasi hii tunataka 300. Mia mbili nakuvumilia. Hii 134 kwenye jalada, mwalimu, watu watasema ni sisi." Simu iliyopiga picha ile ilikuwa nzuri. WhatsApp ndiyo iliyoipunguza njiani ili isafiri upesi, na hakuna aliyetuambia kwamba picha ukiituma kama dokumenti inafika nzima.

Jioni bahasha ilifika Mbezi, nikaipokea mwenyewe. Asubuhi yake tukaziteua linki zote nyekundu, tukaionyesha programu folda mpya, na maduara yakaanza kuzimika moja baada ya jingine. Nilitamani mzee wa pleti aje aone. Yalibaki manne. Halafu tukapitia kurasa kwa macho, na ukurasa wa 22 dada akacheka mpaka akaweka kikombe chini. Maelezo yalisema: "Mgeni rasmi akikata utepe wa bwalo jipya." Kwenye fremu alikuwa mama mpishi wetu, mikono miwili imeshika mwiko, anasonga ugali kwenye sufuria linalotosha kuogea.

Kamera mbili, zote Nikon, zote zinaanza kuhesabu kutoka DSC_0001. Kila moja ilikuwa na DSC_0012 yake. Mwenzangu alipozikusanya kwenye folda moja, kompyuta ilimuuliza kama aifute ya zamani, naye akakubali kwa zote. Programu haijui mgeni rasmi ni nani wala mpishi ni nani, inajua jina na mahali. Ilikwenda kwenye anwani, ikamkuta mtu mwenye jina lile, ikamleta. Tulipata tatu za namna hiyo. Asili zake zilikuwa bado salama kwenye folda za zamani. Mwenzangu akazituma usiku ule kwa WhatsApp kama dokumenti, na safari hii akazipa majina ya kueleweka.

Lakini ile picha ya mpishi, tulipoiona kubwa, hatukuweza kuifunga. Moshi ulikuwa nyuma yake, jua limepenya kwenye matundu ya ukuta, na usoni ana jasho na kicheko anachokizuia. Ilikuwa na pikseli 6000 kwa 4000. Dada aliishika kwa mshale mweupe, akaisogeza ndani ya fremu ya jalada mpaka mwiko ukakaa katikati. Namba ya pili: 335. Nilimpigia mkuu wa shule. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza mgeni rasmi atakaa ukurasa gani.

Zikabaki sweta. Sare yetu ni sweta za bluu, bluu kali, na kwenye skrini zilipendeza. Skrini inatengeneza rangi kwa mwanga, mwekundu, kijani na bluu. Mashine inatengeneza kwa wino, saiani, majenta, njano na nyeusi, na bluu kali kama ile wino hauifikii, inaangukia zambarau. Karatasi ya majaribio ilipotoka, wanafunzi wangu wote walikuwa mapadre wa Kwaresima. Dada alitengeneza nakala ya picha, ya asili akaiacha bila kuigusa, akaielekeza linki kwenye hiyo nakala, akaibofya mara mbili huku ameshika Alt, ikafunguka Photoshop. Akaigeuza iwe ya rangi za wino, akapunguza majenta kwenye bluu tu, akahifadhi. Tuliporudi kwenye ukurasa sweta zilikuwa zimeshabadilika zenyewe. Hapo hasira yangu ya siku ya kwanza ikaisha, maana kama ukurasa ungekuwa umeimeza ile picha, ningeitoa, niitengeneze, niirudishe na kuipima upya. Akaniachia kiti. Nilitengeneza 31 kwa mkono wangu, hadi saa 3 usiku.

Kabla sijaondoka alinionyesha amri moja kwenye menyu ya File, inaitwa Package. Ukiibonyeza, programu inakusanya faili, fonti na nakala za picha zote kwenye folda moja, inazibadilishia anwani, na kama kuna picha haipo inakuambia kabla hujaenda stendi. Ingenichukua dakika mbili. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia siku ya kwanza. Alisema siku ya kwanza nisingemsikia.

Nakala 500 zilifika Njombe kwenye maboksi sita, kwa basi, na vipande sita vya mzigo. Mama mpishi alipewa ya kwanza. Ukurasa wa 37 kuna picha moja niliisahau, sweta zake ni zambarau, na kidato cha nne cha mwaka ule hawajanisamehe. Kundi la kwanza la 1972 lipo ukurasa wa 5, dogo, sentimita 9 kama lilivyozaliwa. Kama wewe au mzazi wako mna nakala nyingine ya picha ile, wavulana wamesimama mbele ya jengo la matofali lisilo na bati, tunaihitaji kwa toleo la pili. Iskeni kwa 1200, na ukiituma kwa WhatsApp, tafadhali itume kama dokumenti.